Hakuna kisahani kitupu: seli za pituitari na kile zinachokanyaga

Seli za GH3, zilizotokana na uvimbe wa pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo) ya panya, zinatoa prolaktini, homoni ya maziwa, na homoni ya ukuaji kwa pamoja. Zina kero moja: hazishiki chini vizuri. Zinajikusanya mafungumafungu, nyingine zinaelea, na ukinyonya maji yake kwa pupa unaondoka nazo.

Basi mtu anapaka kisahani laminini, protini ya matriki (wavu unaozunguka seli mwilini), seli zinatulia, anaandika kwamba laminini ni gundi nzuri. Siyo gundi. Seli inaishika kwa integrini, protini zinazopenya utando wake, na ujumbe unaoanzia hapo unapita njia zilezile za ndani ya seli, kama ile iitwayo ERK, zinazotumiwa na vichocheo vya ukuaji. Ukibadilisha sakafu umeshaingiza dawa kabla hujaongeza chochote.

Tatizo kubwa ni kisahani cha kulinganishia, kile kinachoitwa "kitupu". Chakula cha kawaida cha GH3, yaani kimiminika zinamokuzwa, kina seramu (maji ya damu yaliyoondolewa seli) ya farasi 15% na ya kijusi cha ng'ombe 2.5%. Seramu hiyo imejaa fibronektini na vitronektini, protini ambazo seli huzishika pia, nazo zinaganda kwenye plastiki mara tu unapoimimina. Kwa hiyo umelinganisha laminini na fibronektini, siyo laminini na utupu. Paka laminini mikrogramu 1 hadi 2 kwa kila sentimita ya mraba, ziba nafasi zilizobaki kwa albumini, protini ambayo seli haziishiki, na kisahani cha pili kipake albumini peke yake. Panda seli bila seramu, angalau saa za mwanzo. Kolajeni ya I inayeyushwa kwenye asidi ya siki; usipoisuuza vizuri, seli zinakufa kwa asidi na lawama inabebeshwa kolajeni.

Matrigel, jeli ya matriki inayouzwa tayari, nayo si safi kama watu wanavyodhani. Inatoka kwenye uvimbe wa panya uitwao EHS; sehemu kubwa ni laminini, ikifuatiwa na kolajeni ya IV, lakini ndani yake mna pia vichocheo vya ukuaji: TGF-beta, EGF na IGF-1. Ukipima vichocheo, tumia ile iliyopunguzwa vichocheo, na hata hiyo imepunguzwa tu, haikuondolewa vyote. Iyeyushe usiku kucha kwenye barafu ndani ya friji, na ncha za pipeti zipoze kwanza. Ikipita nyuzi 10 hivi inaanza kuganda, na unapata mabonge badala ya tabaka.

Sasa vichocheo vyenyewe. EGF, nanogramu 10 kwa mililita, inazifanya GH3 zirefuke na kulala bapa. Prolaktini inapanda, homoni ya ukuaji inashuka, na kuongezeka kwa seli kunapungua. Jina la kichocheo cha ukuaji lisikudanganye. Kichocheo kingine, FGF-2, ambayo miaka ya 1970 ilisafishwa kutoka pituitari ya ng'ombe, ni dhaifu sana: kwenye nyuzi 37 nguvu yake inapotea upesi, kwa hiyo iongeze kila siku au uiweke pamoja na heparini, sukari ndefu inayoishikilia. Kwenye tezi yenyewe inalindwa na heparani salfeti ya matriki, ndugu ya heparini, ndiyo maana FGF-2 ya kwenye chupa haifanani na ya mwilini. TGF-beta inang'ang'ania plastiki. Iyeyushe kwenye asidi hidrokloriki milimola 4 yenye albumini, la sivyo sehemu ya dozi inabaki ukutani mwa kichupa.

Rangi nyekundu ya chakula cha seli, fenoli nyekundu, inaigiza kidogo estrojeni, homoni ya kike, na jeni ya prolaktini inaitikia estrojeni. Tumia chakula kisicho na rangi na seramu iliyochujwa kwa mkaa.

Mwisho wa jaribio, usigawanye prolaktini kwa jumla ya protini ya kisahani. Kipimo cha protini kinahesabu na matriki uliyopaka, hivyo kisahani chenye Matrigel kitaonekana kina prolaktini kidogo hata kama seli hazijabadilika. Gawanya kwa DNA, inayofuata idadi ya seli.