Bakapu ya diski ya nje kwenda NAS: soma namba kabla ya kugusa mipangilio

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha picha na video za studio kutoka diski ya nje ya TB 2 kwenda NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao wa ndani) ya diski mbili, laptopu yenye Ubuntu ikiwa katikati. Kasi iligota kwenye MB 11 kwa sekunde. Kwa mwendo huo TB 1 huchukua takriban saa 25, wakati mtandao wa gigabiti ulio mzima huimaliza kwa saa mbili na nusu.

Hiyo 11 inajieleza. Megabiti 100 ukizigawa kwa 8 (biti 8 ni baiti moja) unapata MB 12.5, na ukiondoa mzigo wa itifaki, yaani taarifa za ziada zinazosafiri pamoja na data, zinabaki 11 na kitu. Ukiona 11 isiyopanda wala kushuka, mahali fulani njiani kuna kiungo cha megabiti 100. Ukiona 35 hadi 40, diski inazungumza kwa USB 2.0. Ukiona 110, umefika ukomo wa gigabiti na hakuna cha kutengeneza. Kasi inayoyumba, mara 90, mara sifuri, ni ugonjwa mwingine, nao nitaufikia.

Nilianza na mtandao peke yake, bila diski yoyote. Kwenye NAS niliwasha `iperf3 -s` (programu ya kupima kasi ya mtandao), kwenye laptopu nikaandika `iperf3 -c 192.168.1.20`. Gigabiti nzima hutoa takriban megabiti 940. Nilipata 94. Kisha `sudo ethtool enp3s0 | grep Speed` ikathibitisha: 100Mb/s (jina la kadi yako utaliona kwa `ip link`).

Sababu zilikuwa mbili, na zote ni za kawaida. Kwanza, ruta nyingi tunazopewa na watoa huduma ya intaneti zina matundu ya megabiti 100 tu. Dawa ni swichi ndogo ya gigabiti: laptopu na NAS zote zichomekwe humo, na ruta iwe tawi la pembeni. Data kati ya vifaa hivyo viwili haitapita tena kwenye ruta. Pili, kebo. Megabiti 100 hutumia nyaya nne tu, za pini 1, 2, 3 na 6, lakini gigabiti inataka zote nane. Waya mmoja wa bluu au kahawia usiposhika, kadi nyingi hushuka kimya kimya hadi 100, na kwa kuwa intaneti inafanya kazi vizuri, hakuna anayeshuku kebo. Nilikata vichwa vyote viwili nikavibana upya kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto wa nyaya zaidi ya milimita 13. Cat5e inatosha, ila iwe ya shaba tupu. Zile za bei ya chini sana mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba: hukatika kwa urahisi zikikunjwa.

Baada ya hapo iperf3 ikatoa 941, lakini bakapu ikasimama kwenye 37. Sasa zamu ya USB.

`lsusb -t` huonyesha kila kifaa na kasi yake: 5000M ni USB 3.0, 480M ni USB 2.0. Diski yangu ilionyesha 480M ingawa ni ya 3.0 na tundu la laptopu ni la 3.0. Kisa ni kebo yake. Tundu pana la diski hizi za inchi 2.5 hukubali pia kichwa chembamba cha kebo ya zamani ya simu. Kinaingia sawasawa, diski inawaka, data inapita, ila nyaya za kasi hazijagusana. Ukiweka kebo yenye kichwa kipana chenye sehemu mbili, tatizo limekwisha. Epuka pia habu ya USB isiyo na umeme wake yenyewe, kwa sababu diski ikikosa umeme wa kutosha hukatika na kuunganika tena katikati ya kazi.

Ili kupima diski bila mtandao, hakiki jina lake kwa `lsblk`, kisha: `sudo dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=1M count=4096 iflag=direct status=progress`. Hakikisha `if` ndiyo diski. Ukigeuza, unaweza kufuta data. `iflag=direct` inazuia kumbukumbu ya kompyuta isikudanganye kwa kusoma kile ilichokwisha kukihifadhi. Nilipata 118, na bakapu ya video ikapanda hadi 105.

Kasi inayoyumba hadi sifuri itafutwe kwenye `dmesg -w`. Mistari ya "reset SuperSpeed USB device" inaelekeza kwenye kebo au umeme. Ikiwa ni "I/O error", endesha `sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb` uangalie RAW_VALUE ya namba 5 (sekta zilizohamishwa) na 197 (sekta zenye mashaka). Namba 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna sekta zinazokataa kusomeka. Acha habari za kasi, nakili kwanza folda usizoweza kuzipata tena, kisha zilizobaki uzitoe kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kutoka diski inayoharibika.

Upande wa NAS, jambo linalosahaulika ni umeme kukatika. Baada ya kuzimika ghafla, RAID (mpangilio unaozifanya diski za NAS zifanye kazi kama moja) huanza kulinganisha diski zake upya, na vichwa vya diski huhangaika kati ya kazi mbili. `cat /proc/mdstat` ikionyesha resync, isubiri imalize. UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme) inakuondolea adha hiyo.

Folda za picha ndogondogo zilibaki chini ya MB 10 hata baada ya yote haya. Hapo waya hauna kosa: kupitia SMB (njia ya kushiriki folda kwenye mtandao) kila faili hufunguliwa, huandikwa, hupewa tarehe na kufungwa, na kila hatua husubiri jibu. Kwa bakapu ya kwanza nilizipitisha kama mkondo mmoja: `tar -cf - Picha | ssh mtumiaji@192.168.1.20 "tar -xf - -C /volume1/bakapu"`. Usiweke mgandamizo, JPEG na MP4 zimeshabanwa.

Kwa bakapu za kila siku natumia rsync, programu inayonakili faili zilizobadilika tu, na hapo diski ya FAT32 ina mtego wake. Saa za faili huko huhifadhiwa kwa hatua za sekunde mbili, hivyo rsync huweza kudhani faili imebadilika na kuinakili yote upya. Jaribu `rsync -rtni` (`-n` huonyesha tu kitakachofanyika, bila kunakili). Ukiona safu ya `>f..t......`, kilichotofautiana ni saa tu. Ongeza `--modify-window=1`. Tumia `-rt` badala ya `-a`, maana FAT32 na exFAT hazina ruhusa za faili za Linux. Na usiweke `-c` kwenye bakapu ya kila siku: husoma kila faili pande zote mbili. Mimi hutumia `-c` usiku, pamoja na `-n`, kabla ya kufuta chochote kwenye diski ya nje.