Moyo wa mwanamke: anza na ukoo na kadi za kliniki

Mwanamke akienda kupima afya huulizwa umri, uzito, na kama anavuta sigara. Maswali hayo ni ya haki, lakini yanaacha nje mawili ambayo kwetu yana uzito mkubwa: nani katika ukoo alipata ugonjwa wa moyo akiwa bado na nguvu zake, na mimba zake zilikwendaje. Majibu hayahitaji maabara. Yako kwa shangazi, kwa bibi, na kwenye kadi ya kliniki iliyokunjwa kabatini. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kuua wanawake duniani, takriban kifo kimoja katika kila vitatu, na bado tukisikia "moyo" wengi wetu tunamuwaza mzee wa kiume mwenye kitambi.

Kwenye ukoo, wanaohesabiwa kwanza ni wa damu ya karibu kabisa: wazazi wako, ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako. Kama mwanamume kati yao alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 65, mwambie daktari hata kama hakuuliza. Babu aliyefariki kwa moyo akiwa na miaka 84 habadilishi sana hesabu yako.

Ugumu uko kwenye namna tunavyosimulia vifo. Ni nadra kumsikia mtu akisema "shambulio la moyo". Utasikia alianguka bafuni, alilala hakuamka, jioni alilalamika gesi na alfajiri hayupo, au kuna mkono wa mtu maana alikuwa mzima kabisa. Usibishane na wafiwa juu ya uchawi. Uliza alikuwa na umri gani (wasipojua mwaka, uliza mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa la ngapi), alikuwa akilalamika nini siku zile, na alikuwa anameza dawa gani za kila siku. Mtu wa miaka 40 aliyeanguka ghafla akafa bila kuugua, daktari ataufikiria moyo mapema sana. Yaandike hayo kwenye daftari, na dada zako wayapige picha, kwa sababu ukoo ni wao pia.

Kuna ugonjwa mmoja wa kurithi ambao ningependa kila nyumba iujue. Mwili unashindwa kuondoa kwenye damu lehemu (kolesteroli) mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya majibu, tangu mtu anazaliwa. Anao takriban mtu 1 katika 250, na mzazi mwenye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume. Hauna uhusiano na unene. Msichana mwembamba anayekula mchicha kila siku anaweza kuwa na LDL ya 6. Mtu mzima akikutwa na 4.9 mmol/L au zaidi (maabara nyingine huandika 190 mg/dL), asiridhike na kuambiwa apunguze nyama. Daktari aangalie kwanza kama tezi ya shingo au figo ndizo zilizopandisha, na zikiwa salama, wapimwe ndugu na watoto. Papasa pia kano la nyuma ya kisigino: likiwa nene na lina vinundu vigumu, ni ishara nzito. Wasiotibiwa, karibu wanawake 3 katika 10 hupata shambulio la moyo au tatizo kama hilo kabla ya miaka 60. Chakula peke yake hakitoshi hapa. Dawa za kundi la statini ndizo zinazoshusha, na humezwa maisha yote. Anayepanga kubeba mimba aongee na daktari mapema, maana kwa kawaida dawa hizo husimamishwa. Na usipime lehemu ukiwa mjamzito ili kujua hali yako ya kawaida: mimba yenyewe huipandisha, na majibu yatakutisha bure.

Urithi una neema zake pia. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas, Jonathan Cohen na Helen Hobbs pamoja na wenzao, walionyesha kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliowachunguza walizaliwa na hitilafu kwenye jeni (kipande cha urithi tunachopokea kwa wazazi) iitwayo PCSK9. Hitilafu hiyo iliwashushia LDL kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata ikaripotiwa habari ya mwanamke wa Zimbabwe mwenye miaka 21, mzima wa afya, ambaye nakala zake zote mbili za jeni hiyo zilikuwa hazifanyi kazi. LDL yake ilikuwa 0.4 tu. Kutokana na kazi hiyo zikatengenezwa sindano za kushusha lehemu zilizoidhinishwa mwaka 2015. Mimi naona somo kubwa liko kwenye zile namba mbili. Lehemu ilishuka kwa robo na ushei tu, lakini kwa sababu ilishuka tangu utotoni, mishipa ilinusurika kwa kiasi kikubwa mno. Miaka ambayo mshipa umekaa ndani ya lehemu nyingi ndiyo inayouharibu, kwa hiyo kupima ukiwa na miaka 25 kuna faida kuliko kusubiri 55.

Kipimo kingine cha kurithi ni cha lipoprotini(a), chembe inayobeba lehemu kwenye damu, kinachoandikwa Lp(a). Kinatosha kupimwa mara moja maishani kwa sababu karibu chote kinaamuliwa na jeni, na watu wenye asili ya Afrika huwa nacho juu kuliko Wazungu. Kikizidi 50 mg/dL, mambo mengine yote yabanwe zaidi.

Kurithi hatari si kuhukumiwa. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulifuatilia watu zaidi ya 55,000. Kati ya wale wenye jeni mbaya zaidi, walioishi vizuri (bila sigara, bila unene uliokithiri, mazoezi ya kila wiki, chakula kizuri, mambo matatu kati ya hayo manne yalitosha) hatari yao ilikuwa pungufu kwa karibu nusu ikilinganishwa na wenye jeni zilezile walioishi ovyo.

Sasa mimba, na hapa ndipo wanawake wengi wanapopotezwa. Ukishajifungua na presha ikashuka, unaambiwa yameisha. Mwanamke aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, ana hatari ya takriban mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya baadaye, na presha ya kudumu humjia mapema. Aliyepata kisukari cha mimba naye yuko kwenye njia hiyo, na uwezekano wake wa kupata kisukari cha kudumu ni mara kadhaa wa mwenzake ambaye hakukipata. Kujifungua kabla ya wakati nako kunahesabika. Kinachotakiwa ni hiki: presha ipimwe siku za mwanzo baada ya kujifungua, kwa kuwa mara nyingi hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, ipimwe tena wiki ya 6, halafu kila mwaka bila kukosa. Mwenye kisukari cha mimba apimwe kwa kunywa glukosi gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha arudie kupima sukari kila mwaka au angalau kila baada ya miaka 3. Kadi ya kliniki usiitupe mtoto akianza shule. Hiyo ni kumbukumbu ya moyo wako.

Liko pia tatizo la misuli ya moyo kulegea kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua, nalo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Mama hawezi kulala bila mito mitatu, anashtuka usiku akitafuta pumzi, anakohoa, miguu inavimba badala ya kupungua. Nyumbani wanasema ni uchovu wa uzazi. Uchovu wa uzazi haukunyimi pumzi ukilala chali. Apelekwe hospitali yenye mashine ya eko, ile inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, siku hiyohiyo. Katika wanawake 172 wenye tatizo hili waliochunguzwa jeni, asilimia 15 walikutwa na hitilafu za kurithi, nyingi zikiwa kwenye jeni ya TTN, hivyo uliza kama mama au dada alipitia hayohayo.

Kabla ya kuanza vidonge vya majira vyenye homoni mbili, presha ipimwe kwanza. Ikiwa 140/90 au zaidi, au una zaidi ya miaka 35 na unavuta, omba kipandikizi au kitanzi. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, moyo unapoteza kinga mapema. LDL hupanda ndani ya mwaka mmoja hivi wa hedhi ya mwisho, basi huo ndio wakati wa kuirudia. Mwanamke anayeishi na VVU hatari yake ni takriban mara mbili, hata virusi vikiwa vimefubaa. Akifika miaka 40 aulize kuhusu statini.

Kupima presha kunaharibiwa na vitu vidogo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, wakati mwingine hata kwa pointi 20, halafu mtu anaanzishiwa dawa asizozihitaji. Pima mzunguko wa katikati ya mkono wa juu kwa futi ya fundi cherehani: ukizidi sentimita 32, dai mkanda mkubwa. Usipimwe juu ya nguo, wala kwa mkono wa gauni uliokunjwa ukabana. Kojoa kwanza. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, mkono mezani usawa wa moyo, na usiongee. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi kwa siku kadhaa ni presha.

Kwenye chungu, chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, gramu 5, pamoja na iliyo kwenye mkate. Vile vipande vya kukolezea mchuzi karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Ukivitia, chumvi usitie. Mafuta yanayoganda yenyewe chumbani badilisha na ya alizeti, na yaliyokwisha kukaangia yakawa meusi yamwage. Kiuno kipime kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi: sentimita 80 ni onyo, 88 ni hatari. Kutembea dakika 30 kwa siku tano kunatosha, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Sigara inamuumiza mwanamke kuliko mwanamume, hatari ya ziada ikiwa takriban robo zaidi, na shisha haina nafuu. Kisukari pia kinaumaliza moyo wa mwanamke kwa kasi kubwa kuliko wa mwanamume. Moshi wa mkaa na kuni nao unaingia kwenye mishipa, kwa hiyo jiko liwe mahali hewa inapopita.

Shambulio likija, kwa mwanamke pia kifua ndicho hulalamika mara nyingi, ila kinaweza kuwa kubanwa tu, pamoja na kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya taya au ya katikati ya mgongo. Hapo ndipo anapopewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Omba ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 za kufika. Ikitoka safi na maumivu bado yapo, irudiwe, na damu ipimwe troponini (protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia), kisha irudiwe tena baada ya saa chache, kwa sababu ya mapema sana inaweza kuwa bado haijapanda.