Nimeacha mkorogo, ngozi imerudi

Kikopo cha mkorogo, krimu ya kujichubua, nilikinunua sokoni, hakina hata lebo. Wiki mbili nikang'aa kweli. Kisha mashavu yakaanza kuwaka kila nikitoka juani, na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi tii. Jamani, mikorogo mingi ina zebaki au haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), na vyote ni marufuku kwenye vipodozi hapa nchini!

Sasa na baridi hii ya Julai hapa Mbeya, nikitoka kuoga napaka mafuta mwili ukiwa bado na unyevunyevu, ngozi isipauke. Asubuhi losheni ya kuzuia jua, SPF 30, hata kukiwa na ukungu. Huku milimani miale ni mikali.

Jana mama kanishika shavu: "Hii ndiyo sura niliyokuzaa nayo."