Paneli ya mbele ya Z80: nabonyeza mara moja, anwani inaruka tatu

Kompyuta yangu ya Z80, chipu iliyotoka mwaka 1976, ilikuwa boksi tupu lisilo na sura. Nikataka paneli kama ya Altair 8800, kompyuta ya 1975: taa 16 za anwani (namba ya chumba cha kumbukumbu), 8 za data iliyomo humo.

Taa hazikunisumbua. Bafa tatu za 74LS244 (chipu zinazopokea ishara na kuzipa nguvu ya kuwasha taa), kila moja njia 8, zilibeba LED zote 24 bila kuielemea prosesa.

Kasheshe ilikuwa swichi ya kuandika: kila ikibonyezwa, baiti inaingia kwenye kumbukumbu na kaunta inasogeza anwani mbele moja. Nabonyeza mara moja, anwani inatoka 0 hadi 3. Nabonyeza tena, 5. Nikalaumu kaunta, nikaibadilisha (kazi bure, na kidole nikakiunguza). Kumbe vyuma ndani ya swichi hudundadunda milisekunde chache kabla ya kutulia, na kaunta huhesabu kila mdundo.

Nikafunga swichi ya miguu mitatu: wa katikati kwenye grandi, kila wa pembeni kwenye geti lake la NAND (saketi ndogo ya mantiki) ndani ya chipu ya 74LS00, na rezista ya kiloomu 10 kwenda volti 5. Toleo la kila geti linarudi kuwa ingizo la mwenzake, hivyo mguso wa kwanza tu ndio unaogeuza hali.

Likabaki moja: paneli ikiiomba prosesa, kupitia waya wa BUSREQ, iachie basi (nyaya za pamoja za anwani na data), nyaya za RD (kusoma), WR (kuandika) na MREQ (kuita kumbukumbu) zilielea bila volti maalumu, kumbukumbu ikajiandikia takataka. Rezista kama zilezile zikazivuta juu.

Jana usiku nikaingiza C3, 00, 00, yaani amri ya Z80 ya kuruka kwenda anwani 0. Baiti tatu, anwani tatu.