Nilivyowafundisha vijana wangu kuweka malengo, wakaniumbua na deni langu la kikoba

Mimi ni fundi cherehani, niko Kihonda hapa Morogoro, ndani nina vijana wawili, mmoja wa kumzaa mwenyewe saa hizi yuko fomu foo, na binti wa marehemu kaka yangu yuko fomu tatu. Sina chuo nilichosomea mambo ya malezi, naandika tu kilichotokea kwangu, atakayeona kinamfaa achukue.

Mwaka jana mwezi wa sita ripoti ya kijana ikaja, Kemia ana 26. Nikamuuliza we baba lengo lako ni nini hasa katika maisha, akanijibu bila hata kupepesa macho, "Daktari, na niwe na hela nyingi." Kemia 26! Nikamwambia andika malengo yako kwenye karatasi nione, akaniletea ukurasa mzima mwandiko mzuri, kuna "lengo liwe linapimika" na "liwe na muda maalumu", kumbe kakopi kwenye daftari la shuleni kama shairi, hakuna hata mstari mmoja unaomhusu yeye. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Shuleni nilitaka kuwa nesi, fomu tatu nikaingia mchepuo wa arts kwa sababu shoga zangu wote walikuwa huko, nimemaliza fomu foo naenda kuulizia uuguzi naambiwa bila Kemia na Baiolojia hatukupokei. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Nikashika cherehani, siijutii sana, ila mlango ule naukumbuka mpaka leo.

Sa Jumapili hiyo baada ya kula usiku nikachukua kaunta buku la vipimo vya wateja, nikafungua nyuma kule kweupe. Nikamwambia tuachane na udaktari kwanza. Fomu faivu ya serikali inataka angalau krediti tatu, na krediti ni kuanzia C, na C inaanzia 45. Wewe una 26, hata D hujafika maana D ni 30. Toa 26 kwenye 45. Akatoa, 19. Nikamuona anaishangaa ile 19, yaani udaktari wote umegeuka kuwa maksi 19 za Kemia. Tukagawanya kwa mitihani iliyobaki kabla ya nekta, yaani mtihani wa taifa wa fomu foo, kila mtihani apande tano tano, na akachagua mwenyewe mada ya kuanza nayo, akasema mole, zile hesabu za Kemia za kupima kiasi cha chembe, maana ndo inamtesa na kila mtihani inakuja. Maswali mawili ya past paper kila jioni kabla hajagusa kitu kingine, basi. Sikumuongezea lingine na namjua, ningemwekea kumi asingefanya hata moja.

Kwenye hela ndo kulikuwa na vituko. Akasema anataka simu janja ya laki mbili na nusu, ya kusomea (wote wanasema ya kusomea). Nikamuuliza utaipataje, akasema "nitaweka akiba." Haya tupige hesabu. Nampa buku kwa siku ya nauli na kula, akijibana anabakiza 300, kwa wiki 1,500. Gawa. Akagawa, akarudia akidhani kakosea, wiki 167, yaani miaka mitatu na zaidi. Binti akacheka mpaka akakohoa. Na hapo ndo nilijifunza mimi mwenyewe, huwa tunawaambia watoto "weka akiba weka akiba" wakati cha kuwekea hawana, mtoto anayebakiza 300 tatizo lake sio nidhamu, tatizo lake ni kipato.

Nikampa kazi ya Jumamosi hapa hapa kibarazani. Pindo la sketi 300, kifungo 100, tena nalipa kikiwa kimekaza, kikilegea anarudia bure. Wiki za mwanzo vifungo vyake vilikuwa vinaning'inia kama meno ya mtoto wa miaka sita, afu mkono ukazoea, akawa anatoa kama elfu sita kwa Jumamosi. Jumlisha na ile 1,500 ni 7,500. Na yeye mwenyewe, bila mimi kusema, akashusha simu kutoka laki mbili na nusu hadi mtumba wa laki na ishirini. Wiki 16. Akachora visanduku 16 kwenye karatasi akabandika ukutani juu ya cherehani, kila Jumapili anapaka kimoja.

Binti yeye hakunisumbua. Anataka uuguzi, ile ndoto yangu mimi, na nikajiuliza sana kama sijampandikiza. Kwake kazi ilikuwa kumkagulia mlango mapema tu, tukakaa tukaangalia chuo kinataka masomo gani, kwa hiyo alivyoingia fomu tatu mwaka huu alichagua sayansi akijua kwa nini. Marafiki zake wamekwenda arts, alilia siku mbili, ikapita.

Wiki ya tisa ndo mambo yakaharibika. Hela zilikuwa kwenye kibubu cha mbao, kimepigwa misumari na fundi seremala, kwa hesabu ya ukutani kilitakiwa kiwe na 67,500. Nikakinyanyua siku hiyo nafanya usafi nikaona mbona chepesi. Tukakivunja. 31,500. Mtoto kasawijika uso. Kumbe alikuwa anachomoa noti kwa rula kapaka bablishi kwenye ncha, anampa jamaa mmoja wa kijiweni mwenye umri wa kubeti (sheria inataka miaka 18 na yeye ana 16) wanaweka mikeka, na mikeka inachanika kila wiki. Elfu 36. Anachoniambia huku anatetemeka, "mama nilitaka nimalize zile wiki haraka."

Nilifoka, sitadanganya hapa. Nilifoka mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba. Nikamwambia wewe huna msimamo, huwezi kukaa na hela ya watu, mara binti huyu mpole ambaye huwa haongei akasema taratibu akiwa anakunja nguo, "Shangazi, mbona na ile hela ya ovaloki haijaja na ovaloki."

Nyumba ikawa kimya.

Ni hivi. Mwezi wa saba nilikopa kwenye kikoba chetu laki sita ninunue mashine ya ovaloki ya mtumba, ile ya kuzungushia kingo za nguo zisifumuke, maana kila nguo nilikuwa napeleka kuzungushwa kwa jirani kwa jero. Katikati hapo mdogo wangu akawa na kitchen party, nikatoa mchango, sare, zawadi, ikaondoka laki mbili na nusu, iliyobaki ikayeyuka kidogo kidogo, na watoto nikawa nawaambia fundi bado hajaileta. Wao wanaona naenda kwa jirani na nguo kila siku. Sasa mimi na huyu wa mikeka tofauti yetu ni nini, yeye angalau katumia hela yake.

Nililala nikiwa na hasira, asubuhi imekuwa aibu. Jumapili iliyofuata nikabandika karatasi yangu pembeni ya yake: laki sita na riba yake elfu sitini, jumla 660,000, marejesho 55,000 kwa mwezi, visanduku 12, kuanzia mwezi wa kumi. Nikawaambia na mimi mtaniuliza. Kwakweli ilikuwa ngumu, mwezi wa kwanza wa kuulizwa na mtoto wako "mama umepeleka?" unatamani umkate kofi. Lakini kuanzia hapo sikuhitaji tena kumfuatilia, yaani aliacha kunificha. Siku nyingine anakuja anasema leo jamaa alinishawishi nikakataa, siku nyingine anasema nimekula jero ya akiba, tunaandika hivyohivyo, "alikula jero". Kibubu tulikiacha, nikamfungulia akaunti ya watoto benki, mzazi ndo anasaini kutoa, kwa hiyo rula haifiki.

Simu aliipata Januari mwishoni, msimu wa sare za shule, wateja foleni mpaka barabarani na vifungo vilikuwa havihesabiki. Kachelewa miezi mitatu na ile mikeka. Anaitunza kuliko macho yake.

Kemia sasa. Ilienda 33, ikashuka 30, hapo alitaka kuacha na mimi nilitaka kumwacha, mock ya juzi ana 41. D bado. Imebaki nne na nekta ni mwezi wa kumi na moja, kaongeza swali la tatu jioni, sijamwambia mimi.

Na mimi Jumamosi iliyopita ilikuwa kisanduku changu cha 12, cha mwisho. Asubuhi nahesabu nina 50,000, mteja mmoja wa gauni kaniambia atalipa mwisho wa mwezi. Kijana alikuwa pale anashona vifungo, akasimama, akaenda ndani akarudi na buku tano mkononi ile ya pindo za wiki. Nikanyoosha mkono, akairudisha nyuma kidogo.

"Lini unarudisha?"

Nikasema Ijumaa. Akachukua kaunta buku akaandika Ijumaa, akanipa kalamu nisaini.