Miezi mitatu ya kwanza ya mimba yangu, na vile nlivyoweza kwenda kazini

Mimba yangu hii ni ya kwanza na imevuka mwezi wa tatu alhamdulillah. Nataka kueleza vile nlivyopita zile wiki za mwanzo, manake ndo ngumu zaidi na ndo zile ambazo watu hawaoni una mimba, tumbo halipo, hakuna anayekupisha kiti, lakini ndani kazi kubwa yote inafanyika wakati huo huo. Mie nakaa Likoni na nauza kwenye duka la leso kule Biashara Street, Mombasa mjini, kwa hivyo kila asubuhi lazima nivuke feri. Anayeijua feri ya asubuhi anajua watu wanavyobanana, moshi wa dizeli, jasho, huyu kabeba samaki yule anakula viazi karai, na hiyo ilikuwa kaskazi imekolea, joto haliondoki hata usiku.

Ushauri niliopata mwanzoni kwa kila mtu ulikuwa "vumilia, ndo mimba hiyo". Sawa nivumilie, lakini nlitaka nijue navumilia nini. Nesi mmoja wa kliniki ya huku kwetu, mama mtu mzima, ndo alinikalisha akanieleza, na tangu siku hiyo kila mwili ukinisumbua nlikuwa nauliza, na mtoto naye saa hii anafanya nini? Hilo swali ndo lilinibeba, wallahi.

Kwanza alinieleza hesabu yenyewe. Wiki zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, sio siku mimba iliposhika, kwa hivyo ukipitisha siku zako ukapima mkojo ukaona mistari miwili, tayari we uko wiki ya 4 au ya 5 ingawa mimba yenyewe imeshika kama wiki mbili tatu tu nyuma. Hii hesabu ina maana kubwa sana, manake ule mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unajifunga kufikia wiki ya 6 hivi. Wiki ya 6! Wengi wetu wakati huo ndo kwanza tunajiuliza mbona mwezi huu sijaona. Na kinachosaidia mrija ule ufunge sawasawa ni foliki (vidonge vya asidi ya foliki), maikrogramu 400 kwa siku, ndo maana wanasema ukiwa unatafuta mtoto uanze kumeza mapema kabla hata hujashika. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila bi harusi wa Mombasa aambiwe pamoja na yale mengine yote anayofunzwa na somo wake, ni hiki.

Sasa kuna hii ya kuficha mimba. Mamangu aliponiona tu alijua, akaniambia, "Mwanangu, mimba changa haitangazwi, wacha tumbo lijiseme lenyewe." Na mie namheshimu katika hilo, manake ni kweli mimba nyingi zinazotoka hutoka kabla ya wiki ya 12, na kutangazia mtaa mzima halafu uanze kupewa pole na watu ni maumivu juu ya maumivu. Lakini nesi aliniambia pia nyingi kati ya hizo zinatoka kwa sababu kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, hazikukaa sawa tangu mwanzo, sio kwa sababu mama alipanda feri au alifua nguo au jirani ana kijicho, na hilo liliniondolea mzigo mkubwa moyoni. Ila kuficha kwa majirani isiwe kuficha kliniki. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2016 linataka mama aonwe mara 8 katika mimba moja na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha, na huku kwetu bado kuna wanawake wanaokwenda mara ya kwanza na tumbo la miezi sita. Mie nlimwambia mume wangu, mamangu, na tajiri wangu pale dukani, basi. Tajiri nlimwambia kwa sababu nlihitaji ruhusa, akanikubalia nisiingie kule stoo ya nyuma, nikae mbele karibu na mlango penye upepo, manake leso mpya ukiikunjua ina harufu yake ya rangi na wanga na ilikuwa inanigeuza tumbo hasa.

Haya, tuje kwa kichefuchefu chenyewe. Kuna homoni inaitwa hCG, hiyo ndo ile kipimo cha mkojo kinaisoma, inatoka kwa zile seli zinazokuja kuwa kondo la nyuma, na wiki za mwanzo inapanda kwa kasi, kila siku mbili tatu inaongezeka mara mbili, mpaka ifike kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11 hivi halafu inaanza kushuka. Kichefuchefu kwa wanawake wengi kinafuata njia hiyo hiyo. Mie kujua tu kwamba kuna kilele na baada yake kuna kushuka ilinipa nguvu, manake ukiwa wiki ya 7 unatapika mpaka nyongo unaona ni maisha yako yote sasa.

Nlichofanya ni hivi. Usiku naweka biskuti kavu au mkate mkavu pembeni ya kitanda, nikiamka asubuhi sinyanyui hata kichwa, natafuna kwanza, nangoja, halafu nainuka polepole. Tumbo tupu ndo adui mkubwa. Baada ya hapo nakula kidogo kidogo kutwa nzima, muhogo wa kuchemsha, viazi, ndizi, wali uliopoa na samaki mkavu kidogo, na nliona chakula kilichopoa hakinisumbui kwa vile hakitoi harufu kama cha moto. Mbaazi za nazi ambazo nazipenda tangu utotoni sikuweza hata kuzikaribia, tui likichemka tu mie niko nje. Maji sinywi pamoja na chakula, nakunywa baadaye kwa mafunda madogo, dafu likipatikana vizuri zaidi, na ukwaju wa baridi usio na sukari nyingi. Tangawizi nlikuwa naichemsha nabeba kwenye chupa, na hii sio mambo ya bibi zetu tu, hata hao WHO wanaitaja kwa kichefuchefu cha mimba changa, pamoja na vitamini B6, ambayo nesi aliniandikia pale hali ilipokuwa mbaya.

Kwenye feri nlikuwa na ndimu. Naikata nusu naifunga kwenye ncha ya leso, nikianza tu kuhisi moyo wachafuka naileta puani, na nasimama ubavuni penye upepo wa bahari, siingii katikati kabisa. Mate nayo yalikuwa yananijaa mdomoni kila saa, nlibeba kikopo chenye kifuniko ndani ya mkoba pamoja na tishu na sikuona haya, mwili una kazi yake.

Sasa haya mengine ya mwili niyaseme kwa haraka. Matiti yalianza kuuma mapema sana hata kabla sijapima, na weusi wa chuchu ukakolea, ni homoni zinaandaa maziwa. Mkojo kila saa, kwa sababu damu mwilini inaongezeka na figo zinachuja zaidi na mji wa mimba unakua ukiegemea kibofu. Choo kigumu na kiungulia ni homoni nyingine, projesteroni, hiyo inalegeza misuli ili mji wa mimba utulie usimsukume mtoto, lakini inalegeza na utumbo nao, chakula kinatembea polepole. Mimi papai na mboga za tembele zilinisaidia, ila papai liwe bivu. Kizunguzungu pia, mishipa inatanuka na presha inashuka kidogo, ukiongeza na joto la kaskazi ukisimama ghafla unaona giza, kwa hivyo nlijifunza kukaa kwanza kitandani miguu chini ndo nisimame. Na usingizi jamani, usingizi wa saa nane mchana sijawahi kuuona maishani mwangu, mwili mzima unatengeneza kondo la nyuma kutoka sifuri, na likishakuwa tayari, kuelekea mwisho wa miezi mitatu, ndo linashika kazi ya homoni na nguvu zinaanza kurudi.

Na mtoto wakati huo wote? Wiki ya 6 moyo unaanza kudunda. Wiki ya 8 ana kama sentimita moja na nusu, punje ya haragwe, na tayari mikono inajichipuza na vidole vinaanza kuonekana. Nlipopigwa skani nlikuwa wiki ya 9 nikaona kwa macho yangu kitu kidogo kinapepesuka katikati ya kioo, daktari akaniambia huo ndo moyo, wiki hizo unaweza kupiga hata mara 170 kwa dakika, zaidi ya mara mbili ya wangu, nikalia pale pale. Tena alikuwa anajitikisa na mie sihisi lolote, wakasema kuhisi ni mpaka wiki ya 16 hadi 20, na mimba ya kwanza mara nyingi huchelewa. Kufikia wiki ya 12 ana sentimita 5 na kitu, viungo vyote vikuu vimeshajipanga, vidole vimeachana, kucha zinaota. Yaani yale matapishi yangu ya kwenye feri ndo wakati ule ule moyo wake, figo zake na uso wake vilikuwa vinaumbwa. Subhanallah.

Kwa sababu hiyo hiyo dawa ovyo ovyo ni hatari zaidi miezi hii kuliko mingine, na hapa nasema kwa dhati. Usiende duka la dawa ukanunua kitu bila kusema una mimba, na zile mizizi na majani unayochemshiwa na jamaa kwa nia njema, muulize nesi kwanza. Udongo pia, ule wa kula unaouzwa sokoni. Mie hamu ilinishika sana nikamwambia nesi, akasema mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuleta minyoo na madini mabaya kama risasi. Alinipima damu siku ile ile ya kwanza pamoja na grupu ya damu na rhesus (kama ni chanya au hasi), sukari, mkojo, presha, kaswende na HIV, vyote hivyo vinafaa vijulikane mapema. Damu ilikuwa chini kidogo, nikapewa vidonge vya ayani (madini ya chuma) na foliki vya pamoja. Vile nlikuwa navimeza usiku ili visinichafue roho, na maji ya ndimu au chungwa manake vinaingia vizuri zaidi, na chai nikaiweka mbali navyo kwa sababu chai inazuia ayani isiingie mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, ni hivo vidonge.

Ila kuna mambo sio ya kuvumilia hata siku moja. Kutoka damu, maumivu makali ya tumbo hasa upande mmoja au maumivu ya bega pamoja na kuzimia, homa, au kutapika mpaka hata maji hayakai siku nzima na mkojo unakuwa mchache na wa rangi nzito, hapo usingoje asubuhi, chukua tuktuk nenda hospitali. Kutapika kwa namna hiyo kuna matibabu yake, watakuwekea maji ya mshipa, na sio udhaifu wako.

Wiki ya 13 ilipopita nlirudi kliniki na kitabu changu. Kichefuchefu kilikuwa kimepungua sana, mbaazi bado, lakini wali wa nazi nshaula. Pwani yetu ina malaria kwa hivyo chandarua nlipewa tangu mara ya kwanza, na safari hii nikapewa zile tembe tatu za kukinga malaria, za SP, ambazo hazitolewi miezi mitatu ya kwanza, nikazimeza pale pale mbele ya nesi, halafu nikaenda zangu feri kuwahi duka.