Yadi 60

Jamani, kijana wangu ameshuka chini ya sekunde 7! Mlioko huku Marekani na watoto wanaocheza besiboli mnajua uzito wake: wasaka vipaji wa vyuo huwapima kwa mbio za yadi 60, karibu mita 55. Zamani alizunguka uwanja mpaka anachoka hoi, na saa haibadiliki. Kocha mpya akafuta hayo yote. Sasa anakimbia yadi 10 hadi 30 tu, kwa nguvu zote, kisha anapumzika vya kutosha, dakika mbili tatu, ndipo arudie. Anayepumzika kidogo anajenga pumzi, si kasi. Hatua za kwanza ndizo zenye mali, maana kutoka besi moja hadi nyingine, yaani vituo anavyokimbilia mchezaji, ni futi 90 tu. Jumamosi anapimwa tena mbele ya wasaka vipaji. Mwombeeni.